Alizika, Akaendelea na Kazi

Mwaka jana nilizunguka Ujerumani kuona miji ya Luther, Wittenberg na Eisenach. Lakini habari iliyonishika iko Korntal, karibu na Stuttgart, na inatuhusu sisi Wakenya.

Johann Ludwig Krapf, mtoto wa mkulima, alizaliwa 1810 Derendingen. Alifika Mombasa 1844 na mkewe Rosine. Hata mwaka haujaisha, homa ikamchukua Rosine, na mtoto wao mchanga pia. Wengi wetu hapo tungetafuta meli turudi kwetu. Yeye alibaki, akaendelea kutafsiri Neno kwa Kiswahili, na 1846 akaanzisha misheni Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Waliookoka walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwishowe ugonjwa ulimrudisha kwao, lakini kamusi yake ya Kiswahili hakuiacha. Ilitoka 1882, yeye ashalala. Novemba 1881 walimkuta Korntal amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Ndugu yangu, labda umezika mwaka huu, na huduma yako haionyeshi matunda. Usiiache. Mmoja wa walioanza kutuletea Biblia kwa Kiswahili alikuwa mfiwa.