Patrick: Mtumwa anayekumbukwa kwa nguo za kijani

KILA ifikapo Machi 17, Waayalandi na wazawa wao waliotapakaa duniani huvalia kijani kumuenzi Mtakatifu Patrick. Mjini Chicago, Marekani, hata maji ya mto hutiwa rangi hiyo, ada iliyoanza mwaka wa 1962. Hapa kwetu jina lake lavuma zaidi kwa ajili ya shule ya Iten iliyolea wanariadha mashuhuri.

Nami nina tai ya kijani niliyokuwa nikiifunga siku hiyo kwa mazoea tu, hadi mwenzangu mmoja katika meza ya uhariri aliponiuliza iwapo Patrick mwenyewe alivaa kijani. Nilikosa jibu, nikaenda kuyadurusu maisha yake.

Kwanza, hakuwa Mwayalandi. Alizaliwa Uingereza, Warumi wakiwa ukingoni mwa kutawala huko au wametoka kuondoka. Babake, Calpornius, alikuwa shemasi. Babu yake alikuwa padri. Akiwa na umri wa miaka 16 hivi, maharamia walimteka pamoja na umati wa watu, wakamvusha bahari hadi Ayalandi. Huko alichunga mifugo kwa miaka sita, mvua yake na baridi yake, na huko ndiko alikojifunza kusali. Hatimaye alitoroka, akatembea takriban kilomita 300 hadi pwani na kuabiri merikebu ambayo mabaharia wake walikuwa wamemkataa hapo awali.

Jamaa zake walimpokea kwa furaha, wakamsihi asiondoke tena. Aliondoka. Katika karne hiyo ya 5 alirejea Ayalandi akiwa askofu, miongoni mwa watu waliomtumikisha. Kisa cha kuwafukuza nyoka ni hekaya tu, kwani kisiwa hicho hakikuwa na nyoka wa kufukuzwa.

Lisilo hekaya ni barua yake ya Kilatini kwa askari wa mtawala Coroticus. Askari hao waliwavamia waumini aliokuwa amewabatiza punde tu, wangali katika mavazi meupe ya ubatizo, mafuta matakatifu yakimeremeta kwenye vipaji vya nyuso zao. Baadhi waliuawa, wengine wakatekwa wauzwe. Patrick alimtuma padri kuwaombea mateka, naye akachekwa. Ndipo alipoandika waraka mkali akiwataka waumini wasile wala kunywa na wauaji hao hadi watubu na kuwaachilia mateka. Nao Coroticus na watu wake walijiita Wakristo! Katika maandishi yake mengine, Patrick anawataja wanawake watumwa kuwa ndio walioteseka kupita wote. Ni sauti ya mtu aliyeijua minyororo, si ya kuisimuliwa.

Na kijani je? Mfalme George wa Tatu wa Uingereza alipoanzisha nishani kwa jina la Patrick mnamo 1783, rangi yake ilikuwa samawati. Kijani kilishika nguvu katika miaka ya 1790, kilipokuwa alama ya Waayalandi walioupinga utawala wa Waingereza. Patrick alikuwa amezikwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya hapo.

Tai yangu sijaitupa. Machi 17 nitaifunga tena, ila juu ya shati jeupe.