Ella Sheppard, Mwalimu wa Kwaya ya Yubile

Neno yubile lililo kwenye jalada la kijitabu hiki liliwahi kuwa jina la kwaya moja ya wanafunzi maskini kule Marekani. Anayetajwa sana kama kiongozi wao ni mzungu mmoja, George White. Lakini sisi tunaoketi kwenye viti vya kwaya tunajua kwamba kando ya kiongozi huwa kuna mtu wa kinanda, mtu wa kushika nota, anayebaki na waimbaji wa alto jioni mpaka waipate sauti yao. Katika kwaya ile mtu huyo alikuwa Ella Sheppard.

Alizaliwa mtumwa mjini Nashville, jimbo la Tennessee, mwezi wa Februari 1851. Baba yake, Simon, alikuwa amejinunua kutoka utumwani kwa dola 1,800. Mama yake, Sarah, alikuwa bado mali ya watu. Siku moja Sarah aligundua kwamba bibi wa nyumba ile anamfundisha mtoto kumpeleleza mama yake mzazi. Akambeba Ella, akaelekea mtoni, akiwa ameamua kwamba heri wafe wote wawili kuliko mtoto akue hivyo. Mwanamke mzee aliyekutana naye njiani ndiye aliyemrudisha. Baadaye Simon aliruhusiwa kumnunua binti yake kwa dola 350. Alipotaka kumnunua mke wake pia, wenye mali walikataa, na Sarah akapelekwa mbali, Mississippi.

Simon aliposhikwa na madeni, hatari mpya ilizuka. Kwa sheria ya huko, mtoto aliyenunuliwa na babake alihesabiwa kuwa mali ya babake, na wadai wangeweza kumchukua kama wanavyochukua ng'ombe. Familia ikatoroka usiku hadi Cincinnati, ng'ambo ya mpaka wa majimbo ya utumwa. Huko ndiko Ella alikoendelea na muziki. Mwalimu mmoja mzungu alikubali kumfundisha kwa sharti kwamba watu wasijue: aje usiku, apitie mlango wa nyuma. Alikwenda.

Mwaka wa 1866 baba alifariki kwa kipindupindu, na familia ikabaki mikono mitupu. Ella akafundisha shule ya watoto wa watu waliotoka utumwani, karo ikilipwa leo na kesho isilipwe. Baada ya miezi kadhaa alikuwa ameweka akiba ya dola 6. Kwa dola hizo, mwaka wa 1868, akaenda kujiunga na Shule ya Fisk, Nashville. Hazikutosha mwezi mmoja. Ikabidi afundishe watoto kinanda ili aendelee kusoma, na haikuchukua muda mrefu shule yenyewe ikamwajiri kufundisha muziki. Alikuwa mwalimu wa kwanza mweusi wa Fisk.

Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1866 ndani ya mabanda yaliyokuwa hospitali ya jeshi. Mabanda yalivuja, chakula kilikuwa haba, deni liliongezeka. Wakati mmoja waliuza kama vyuma chakavu pingu zilizookotwa kwenye soko la zamani la watumwa, wakanunua vitabu vya kusomea. Hatimaye White, aliyekuwa mweka hazina, akatoa wazo ambalo wengi waliliona ni wazimu: achukue wanafunzi wakaimbe mijini, shule ipate pesa. Sisi tungeiita harambee. Tarehe 6 Oktoba 1871 waimbaji tisa walipanda gari la moshi, Ella akiwa mpiga kinanda na msaidizi wa White. Baadhi yao hawakuwa na makoti, na baridi ilikuwa inakuja.

Mwanzoni waliimba nyimbo za Kizungu zilizopendwa wakati ule. Watu walipiga makofi kidogo, sadaka ikawa kidogo zaidi. Nyimbo walizorithi kwa wazazi wao, zile za mashambani na za ibada za usiku, hawakutaka kuziimba mbele ya wageni. Zilikuwa za machozi, na za aibu pia. Kule Fisk walikuwa wakiziimba chumbani tu, milango na madirisha yakifungwa, wakiwa wameketi sakafuni kwa uhaba wa viti. Ella ndiye aliyezisikiliza moja baada ya nyingine, akaziandika, akazipanga kwa sauti nne, na kuwafundisha wenzake waziimbe kwa upole, pasipo kelele. Yeyote aliyewahi kuandika nota za wimbo ambao nyanya aliuimba akipepeta nafaka anajua kazi hiyo ilivyo. Kila mtu anaukumbuka kivyake.

Novemba mwaka huohuo, katika mkutano wa makanisa mjini Oberlin, Ohio, walianza kwa sauti ya chini sana wimbo uitwao Steal Away. Wajumbe waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Tangu siku hiyo watu walitaka nyimbo za watumwa. White naye aliwapa jina, kutoka ule mwaka wa yubile katika kitabu cha Walawi sura ya 25, mwaka wa watumwa kuachwa huru. Wengi wa waimbaji wale walikuwa wamezaliwa utumwani, kwa hiyo jina halikuhitaji kufafanuliwa.

Safari ziliendelea kwa karibu miaka saba. Hoteli nyingi za Marekani ziliwafungia milango. Mwaka wa 1873 walimwimbia Malkia Victoria kule Uingereza, na baadaye wakafika Uholanzi na Ujerumani. Ella hakuwa mtu wa afya nzuri, lakini ndiye aliyebaki kwenye kinanda huku waimbaji wakija na kwenda, akiwafunza wapya nyimbo zote. Pesa zilizopatikana zilifikia takribani dola 150,000. Shule ikanunuliwa kiwanja, na jengo la Jubilee Hall likafunguliwa rasmi tarehe 1 Januari 1876.

Je, mama yake? Utumwa ulipokwisha Ella alimtafuta Sarah hadi akampata, kisha akamleta Nashville pamoja na dada yake, akawapa makao.

Mwaka wa 1882 aliolewa na mchungaji, George Moore, wakatumika kanisani Washington kabla ya kurudi Nashville. Angeweza kupumzika kwa sifa zake. Badala yake alirudi Fisk kuwafunza vijana wa kwaya mpya zile nyimbo za chumbani, pamoja na ndugu wawili wa jina la Work waliozikusanya na kuzichapisha. Alifanya hivyo hadi karibu na kifo chake, mwezi wa Juni 1914.

Jubilee Hall bado limesimama. Kila tarehe 6 Oktoba wanafunzi wa Fisk huadhimisha siku ile ya gari la moshi, nao hutembelea makaburi ya waimbaji wa kwanza, wakaimba.