Albert Howard: Mtaalamu aliyegeuza takataka za shamba kuwa mtaji

MKULIMA wa kahawa wilayani Mbinga akishalipa vibarua wa kuchuma, hesabu inayobaki ni ya mbolea. Anunue mifuko mingapi, na je, kahawa ya msimu ujao itarudisha fedha hiyo? Hesabu ya namna hiyo ilimshughulisha maisha yake yote Mwingereza mmoja, Sir Albert Howard, ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa kilimo hai duniani.

Howard alizaliwa mwaka 1873 huko Shropshire, karibu na mpaka wa Wales, katika familia ya wakulima. Alisoma sayansi katika Chuo Kikuu cha Cambridge na mwaka 1899 akapelekwa Barbados kuchunguza magonjwa ya ukungu yanayoshambulia miwa na mazao mengine. Kazi ilikuwa nzuri kwa maabara, lakini yeye hakuridhika nayo. Alitakiwa kuwashauri wakulima wakati hana hata kipande cha ardhi cha kujaribia ushauri wake mwenyewe. Ni lalamiko ambalo wakulima wengi wangeliunga mkono, tena kwa sauti kubwa.

Mwaka 1905 alihamia India, katika kituo cha utafiti cha Pusa, jimbo la Bihar. Mwaka huo huo alimwoa Gabrielle Matthaei, naye mtaalamu wa mimea aliyetokea Cambridge. Wawili hao walifanya kazi pamoja kwa miaka 25, na si haki kumtaja mume bila mke, maana mbegu bora za ngano walizozitoa Pusa, ambazo zilienea sana India, zilikuwa jasho la wote wawili.

Hapo Pusa Howard alianza kuwatazama wakulima wa vijiji vya jirani. Hawakuwa na fedha ya mbolea ya dukani wala dawa, lakini mazao yao yalikuwa na afya kuliko alivyotarajia. Akaamua kujifunza kutoka kwao. Alichokiona ni kwamba kila mavuno yanayotoka shambani yanabeba sehemu ya udongo, na asiyerudisha kitu anakula mtaji akidhani anakula faida. Mfanyabiashara yeyote wa duka anaielewa hesabu hiyo. Anayeuza bidhaa na kutumia fedha yote bila kununua nyingine, siku moja atakuta rafu tupu.

Kazi yake kubwa aliifanya Indore, katikati ya India, alikofungua taasisi ya utafiti mwaka 1924. Shamba lilikuwa la ekari 300 hivi. Aliwapangia vibarua saa sita za kazi kwa siku na kuwalipa kwa wakati, akaona kazi inakwenda vizuri kuliko kwenye mashamba ya saa nyingi na malipo ya kuchelewa.

Huko ndiko alikokamilisha utaratibu wa kutengeneza mboji uliochukua jina la mji huo. Majani, mabua na magugu hupangwa kwa tabaka pamoja na samadi, udongo uliolowa mkojo wa ng'ombe na majivu. Lundo hunyunyiziwa maji liwe na unyevu bila kuloa chapachapa, na hugeuzwa ili hewa ipite. Kiangazi hutumika mashimo yenye kina kifupi, na masika lundo hujengwa juu ya ardhi ili lisijae maji. Baada ya miezi mitatu hivi mboji huwa tayari. Hakuna kifaa cha kununua zaidi ya vile mkulima alivyo navyo, na hilo lilikuwa sharti la Howard tangu mwanzo: jambo lisilowezekana kwa mfuko wa mkulima wa kawaida alilihesabu kuwa halijagunduliwa.

Gabrielle alifariki dunia mwaka 1930. Mwaka uliofuata Howard, akishirikiana na msaidizi wake Mhindi, Yeshwant Wad, alichapisha kitabu kuhusu utaratibu huo, kisha akaondoka India.

Afrika Mashariki iliupokea mapema. Februari 1933 shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu nchini Kenya, lilianza kutengeneza mboji kwa njia ya Indore, na Howard, aliyekuwa safarini barani Afrika, alibahatika kuona mwanzo wake. Katika miaka miwili shamba hilo lilitengeneza tani 1,660, zenye nitrojeni ya asilimia 1.5 hivi. Gharama iliyokuwa kubwa ilikuwa ya kukusanya malighafi.

Takwimu hizo zinastahili kupigiwa hesabu kwa bei za sasa. Tani moja ya mboji kama ile ina kilo 15 za nitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23. Kwa hiyo tani 1,660 zilibeba nitrojeni sawa na mifuko zaidi ya 1,000 ya urea. Kweli, nitrojeni ya mboji hutoka polepole na haiwezi kuokoa mahindi yaliyokwisha kuwa manjano. Lakini urea haiongezi chochote katika uwezo wa udongo kushika maji, na kwenye mteremko mkali uwezo huo ni fedha.

Mwaka 1938, miaka mitano baada ya Kingatori kuanza, afisa Mwingereza aliyeitwa A. H. Pike aliandika kuhusu kilimo cha Wamatengo katika milima ya Mbinga. Alichokieleza kilikuwa ngoro, ambazo Wamatengo walikuwa wakizilima kabla ya Howard kufika India. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa mistari inayokatana kama miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi, pakabaki shimo lililozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata mahindi. Magugu ya palizi hutupwa shimoni yakaoza. Hakuna kinachochomwa. Maji ya mvua huishia mashimoni badala ya kuteremka na udongo hadi mtoni na ziwani. Ni hesabu ile ile ya Howard, ila hii haihitaji kubeba mboji kichwani kupanda mlima.

Gharama yake ni mgongo wa mwanamke. Ngoro ni kazi nzito, na panapokosekana nguvu kazi familia huona heri mfuko wa mbolea. Hesabu hiyo ilifaa wakati chama cha ushirika MBICU kilipokuwa kikikopesha pembejeo kwa dhamana ya kahawa. Ruzuku ya mbolea ilipoondolewa hatua kwa hatua kufikia mwaka 1994, na ushirika huo ukaanguka, wengi walibaki na miti yenye njaa. Mwaka 2022 bei ya mfuko ilipita shilingi 100,000 na Serikali ikaanza tena ruzuku. Huko pwani ya Ziwa Nyasa, ambako muhogo hurudiwa kwenye udongo wa kichanga, fedha ya mfuko ni adimu zaidi.

Howard naye alikuwa na upungufu wake. Aliamini kwamba udongo wenye afya huzuia karibu kila ugonjwa, na alidai ng'ombe wake waligusana pua na ng'ombe wenye ugonjwa wa midomo na miguu wasiambukizwe. Mfugaji asijaribu hilo. Wala mboji haimalizi chulebuni au kutu ya majani. Kwa hayo mkulima wa Mbinga afuate miche bora ya TaCRI, yenye kituo chake Ugano. Aidha, chuki ya Howard kwa mbolea ya viwandani ilizidi ushahidi aliokuwa nao, na wanasayansi wenzake walimwambia hivyo.

Mwaka 1934 alitunukiwa cheo cha Sir, na mwaka 1940 akatoa kitabu chake mashuhuri zaidi, An Agricultural Testament, ambamo habari za kahawa ya Kingatori zimo. Alifariki dunia Oktoba 1947. Maganda ya kahawa mbivu, ambayo ni karibu asilimia 40 ya uzito wa kila kilo inayopelekwa mtamboni kumenywa, yangekuwa malighafi ya kwanza kwenye lundo lake.