Thomas Andrew Knight na gurudumu la maharage

Katika miteremko ya Cyanzarwe, wilayani Rubavu, mche wa harage haulali kuufuata mteremko. Shina husimama wima, na mzizi hushuka moja kwa moja ardhini. Aliyeonyesha sababu yake ni Thomas Andrew Knight, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1759 katika jimbo la Herefordshire, mtafiti wa matufaha, njegere na viazi.

Uvutano wa dunia hauondoleki, utapimwaje, basi? Knight alitumia maji ya kijito kuendesha gurudumu lililosimama wima, akafunga mbegu za maharage ukingoni mwake. Likazunguka zaidi ya mara 150 kwa dakika. Vyovyote mbegu zilivyofungwa, mizizi ilikua kuelekea nje na machipukizi yakaelekea kitovuni. Gurudumu lilipolazwa, mizizi ilishuka kimshazari, ikitii nguvu mbili kwa pamoja. Ni jaribio la mkulima, lisilo na chombo cha anasa. Matokeo yake yalichapishwa na Royal Society mwaka 1806.

Hata hivyo, Knight alidhani kuwa mzizi huinamishwa na uzito wake tu. Alifariki London mwaka 1838, miaka 42 kabla ya Charles Darwin na mwanawe Francis kueleza kuwa kinachohisi ni ncha ya mzizi.