Padre Aliyechimba Mifupa ya Kale: Maisha ya Pierre Teilhard de Chardin



Wapendwa vijana, wengi wetu tumepitia hili. Shuleni mwalimu wa biolojia anafundisha habari za zamadamu, Jumapili tunasikia somo la kitabu cha Mwanzo, halafu rafiki anakuuliza: sasa wewe unaamini lipi? Leo tumtazame padre mmoja aliyeishi na swali hilo maisha yake yote, na likamgharimu sana.

Pierre Teilhard de Chardin alizaliwa tarehe 1 Mei 1881 huko Auvergne, Ufaransa, nchi ya volkano zilizozimika. Mama alimlea katika ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, baba akamzoeza kupenda mawe, mimea na wadudu. Mapendo hayo mawili hayakuachana tena ndani yake. Mwaka 1899 aliingia unovisi wa Wajesuiti. Alifundisha fizikia na kemia mjini Cairo, Misri, na mwaka 1911 akapewa Daraja Takatifu ya Upadre huko Uingereza.

Baadaye alisomea Paris elimu ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Vita Kuu ya Kwanza ikamkatiza. Padre wetu akawa mbeba machela, akiwatoa majeruhi mstari wa mbele, hata akatunukiwa medali. Vita vilipokwisha alipata udaktari wa Sorbonne mwaka 1922, akawa mwalimu katika Chuo cha Kikatoliki cha Paris.

Mwaka 1923 alikwenda China kutafuta visukuku. Akiwa kwenye jangwa la Ordos alijikuta hana mkate wala divai ya kuadhimishia Misa. Basi akamtolea Mungu dunia nzima iwe sadaka: kazi zote za watu siku ile, na mateso yao yote.

Hapo ndipo msalaba wake ulipoanza. Andiko lake kuhusu dhambi ya asili, ambalo hata hakulichapisha, lilifika Roma. Wakuu wakamwondoa kwenye ualimu, na mwaka 1926 akarudi China. Wapo marafiki waliomshauri aache shirika, aandike anavyotaka. Hakuacha. Iliuma, lakini alitii na kuendelea na kazi.

Na kazi ilikuwepo! Tarehe 2 Desemba 1929, huko Zhoukoudian karibu na Beijing, Mchina Pei Wenzhong alifukua fuvu la zamadamu aliyejulikana kama Mtu wa Peking. Padre Teilhard alikuwa kwenye kundi hilo la watafiti, akisoma matabaka ya udongo na mifupa ya wanyama iliyopatikana pale.

Kitabu chake kikubwa kuhusu binadamu kilinyimwa ruhusa ya kuchapishwa. Alifariki New York tarehe 10 Aprili 1955, Jumapili ya Pasaka. Kitabu kikatoka mwaka huohuo, yeye hayupo. Miaka minne baadaye dunia ikasikia habari za fuvu la Zinjanthropus kutoka Olduvai, Tanganyika.

Tuseme ukweli wote: mwaka 1962 Roma ilitoa onyo kuhusu maandishi yake, na hajatangazwa mtakatifu. Si kila alichoandika ni mafundisho ya Kanisa. Hata hivyo, Papa Benedikto XVI alimtaja kwa heshima, na Papa Fransisko alimrejea katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015.

Na lile swali la rafiki yako? Mwaka 1950 Papa Pius XII alieleza kwamba Kanisa halikatazi wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, ila roho huumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja. Kwa hiyo usikimbie somo la biolojia, wala usikimbie Misa. Mifupa inaeleza mwili ulivyotoka mbali. Kwa nini Mungu alitutaka tuwepo, hilo haliandikwi kwenye mfupa.

Padre Teilhard angeweza kutupa kimoja, imani au elimu, akapumzika. Alibeba vyote viwili, kimya, hadi mwisho.

Tusali: Ee Bwana, muumba wa mbingu na nchi, utupe akili isiyoogopa ukweli na moyo usiochoka kungoja. Amina.