Moshoeshoe: mfalme aliyeshinda vita, kisha akaomba amani kwa barua

Usiku wa manane, tarehe 20 desemba 1852, mfalme Moshoeshoe wa Wasotho hakulala. Mchana wa siku ile watu wake walikuwa wamepigana na jeshi la Waingereza kwenye uwanda wa juu wa Berea, karibu na mlima wake wa Thaba Bosiu. Waingereza 38 walikufa. Wapanda farasi wa Kisotho walikuwa bado na nguvu, tayari kuendelea asubuhi. Lakini mfalme alimwita mtoto wake Nehemiah, aliyejua kuandika Kiingereza, akamwambia maneno ya barua.

Barua ile ilikuwa fupi sana. Ilikwenda kwa Sir George Cathcart, gavana wa koloni la Cape, aliyeongoza jeshi lile. Moshoeshoe alimwambia kwamba ameonyesha nguvu zake, amewaadhibu Wasotho, amechukua ng'ombe wengi, na sasa hiyo itoshe. Alimwomba amani. Aliomba asihesabiwe tena kuwa adui wa Malkia, akaahidi kujitahidi kuwatuliza watu wake siku zinazokuja.

Ni mshindi aliyeandika kama mtu aliyeshindwa. Kisa chenyewe kilianza siku chache mbele. Cathcart alifika na masharti makali: Wasotho watoe ng'ombe 10 000 na farasi 1 000 kwa muda wa siku tatu, kuwa malipo ya mifugo iliyoibiwa kwa Makaburu na majirani wengine. Moshoeshoe aliomba muda zaidi, akanyimwa. Ng'ombe 3 500 tu ndio walipatikana, na gavana akaamuru jeshi livuke kwenda kuchukua wengine kwa nguvu. Askari walikamata maelfu ya ng'ombe kule Berea, lakini walikuta upinzani ambao hawakuutazamia.

Hapo ndipo akili ya mfalme inaonekana. Cathcart hakuweza kurudi nyuma bila aibu, na mkubwa wa jeshi anayeogopa aibu hutuma watu wengine kufa. Barua ilimfungulia mlango. Aliipokea, akasema ametosheka na ng'ombe aliokwisha kuchukua, akaondoka na jeshi lake. Mwaka wa 1854 Uingereza iliacha kabisa kutawala eneo lile lililo kaskazini ya mto Orange. Cathcart mwenyewe aliuawa mwaka ule ule, mbali sana, katika vita vya Crimea.

Waliomjua Moshoeshoe hawakushangaa. Alizaliwa karibu na mwaka wa 1786 huko Menkhoaneng, mtoto wa chifu mdogo tu. Wakati wa vita na njaa vilivyoharibu kusini mwa Afrika, alihamisha watu wake hadi Thaba Bosiu, mwaka wa 1824. Njiani babu yake Peete alikamatwa na watu waliokuwa wanakula watu kwa sababu ya njaa, wakamla. Walipoletwa mbele yake, wengi walitazamia kuona damu. Yeye alikataa: watu hao, kwake, walikuwa kaburi la babu yake, na kaburi halivunjwi. Aliwapa ng'ombe, wakawa raia wake.

Mwaka wa 1831 askari wa Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, walijaribu kupanda Thaba Bosiu wakafukuzwa kwa mawe na mikuki. Walipokuwa wanarudi, Moshoeshoe aliwatumia ng'ombe wanono wale njiani, akisema bila shaka ni njaa iliyowaleta. Hawakumshambulia tena. Miaka miwili baadaye aliwapokea wamisionari Waprotestanti kutoka Paris. Mmoja wao, Eugène Casalis, akawa mshauri wake katika mambo ya wazungu. Bila shule ile, barua ya Berea isingeandikwa.

Hata hivyo, barua haikuzuia kila kitu. Makaburu wa Orange Free State walitaka mashamba, si ng'ombe tu, na mtu anayetaka udongo wako hatosheki na maneno mazuri. Walipigana naye mwaka wa 1858, akawashinda. Waliporudi mwaka wa 1865 walichoma mavuno, njaa ikaingia, na mwaka wa 1866 mfalme mzee alilazimika kutia sahihi mkataba uliomnyang'anya sehemu kubwa ya ardhi nzuri.

Basi akawageukia tena walewale aliopigana nao Berea. Aliomba mara nyingi ulinzi wa Malkia Victoria, na tarehe 12 machi 1868 gavana Philip Wodehouse alitangaza kwamba Wasotho wako chini ya Uingereza. Lakini mashamba ya magharibi ya mto Caledon hayakurudi, na mpaka wake leo hii ni matokeo ya mapatano ya mwaka wa 1869.

Moshoeshoe alikufa tarehe 11 machi 1870, akazikwa juu ya Thaba Bosiu. Nchi yake, Lesotho, ilipata uhuru tarehe 4 oktoba 1966. Pande zote imezungukwa na Afrika Kusini, lakini haikumezwa nayo, na kila tarehe 11 machi ni siku kuu kwa heshima yake.