Mkulima Aliyeitwa Kutoka Shambani

Huko Tengeru, karibu na Arusha, yako makaburi ya Wapoland waliokimbilia kwetu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Katika nchi yao, siku zile, watu walio wengi waliishi kwa jembe na plau, na mkulima aliyejulikana kupita wote alikuwa Wincenty Witos.

Alizaliwa tarehe 22 Januari 1874 katika kijiji cha Wierzchosławice, karibu na mji wa Tarnów. Sehemu ile ilitawaliwa na Austria, kwa maana Poland ilikuwa imegawanywa na jirani zake watatu, wala haikuwamo tena katika ramani. Wazazi wake walikuwa na kishamba kisichotosha kulisha jamaa, hata baba na wanawe wakaenda kukata miti katika misitu ya bwana mkubwa ili wapate fedha. Wincenty alichunga ng'ombe. Shule aliianza akiwa na miaka 10, akaiacha baada ya miaka 4. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima.

Mwaka 1908 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Galicia, tena akawa mkuu wa kijiji. Mwaka 1911 akaingia Bunge la Vienna. Mheshimiwa huyu hakuvaa tai. Alikwenda bungeni na viatu vyake virefu vya kikulima, na mabwana wa mjini wakamcheka. Kicheko chao hakikudumu.

Poland ilipata uhuru mwaka 1918. Julai 1920, majeshi ya Wakomunisti wa Urusi yakiwa yanaielekea Warszawa, Witos aliitwa awe Waziri Mkuu wa serikali ya umoja wa vyama. Kwa nini mkulima? Kwa sababu askari walio wengi walikuwa wana wa wakulima, na Wakomunisti waliwaahidia ardhi. Siku chache kabla yake, tarehe 15 Julai, Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kugawa mashamba makubwa. Witos aliwaandikia wakulima wenzake akiwasihi wailinde nchi. Waliitika, na Agosti adui akarudishwa nyuma.

Lakini ugawaji wa ardhi ulikawia sana, na hapa hatuwezi kumsifu tu. Mwaka 1923, ili apate kutawala tena, alipatana na vyama vya upande wa kulia, akakubali madai ya ardhi yapunguzwe makali. Baadhi ya wajumbe wake walimwacha. Novemba wafanyakazi waligoma, damu ikamwagika Kraków. Desemba serikali ikaanguka. Mara ya tatu, Mei 1926, alitawala siku chache tu. Piłsudski aliingia Warszawa kwa silaha, na Witos akaona afadhali kujiuzulu kuliko ndugu kuuana.

Septemba 1930 alikamatwa usiku, akafungwa katika ngome ya Brześć. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu, lakini mwaka 1933 akaondoka kwenda Czechoslovakia. Agosti 1937 wakulima waligoma siku 10, wakakataa kupeleka vyakula mjini, na mojawapo ya madai yao ilikuwa Witos aruhusiwe kurudi. Polisi waliwaua zaidi ya 40.

Alirudi mwaka 1939, miezi michache kabla ya Wajerumani kuingia. Hao nao walimkamata, wakamtaka aongoze serikali ya kuwatumikia. Alikataa. Alifariki Kraków tarehe 31 Oktoba 1945, na mwili wake ukarudishwa Wierzchosławice, ukazikwa katika kijiji kile alikochunga ng'ombe.